Pumzi ya Kifurushi

Mtaani walimwita Bisibisi, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la washonaji watano, kidogo kiasi kwamba mteja mnene aliingia ubavu ubavu. Hakuwa na maneno laini. Mteja akidai cherehani kimeharibika chenyewe, Bisibisi humjibu bila kuinua kichwa, "Chuma hakina akili ya kujiharibu. Mwenye akili hapa ni nani?"

Mumewe aliitwa Kokoto. Miaka kumi na saba alifanya kazi kwenye mtambo wa kusaga mawe, akaondoka na cheti cha utumishi mwema na mapafu yaliyoshindiliwa vumbi. Akivaa shati, alipumzika kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Daktari alisema wazi kwamba hewa ya kawaida haimtoshi tena. Lazima awe na mashine ya oksijeni nyumbani, iwake usiku na mchana.

Aliyeileta mashine ni mdogo wake Kokoto, tumbo moja. Huyu alikuwa wakala wa kampuni inayotengeneza mashine hizo na kuzikodisha kwa wagonjwa. Alikuja amefunga tai, akaitua sebuleni kama mtu anayeleta mahari.

"Shemeji," alimwambia Bisibisi, "hii ni sawa na pafu la tatu. Weka sahihi hapa, hapa, na hapa."

"Nisome kwanza."

"Kurasa arobaini utazisoma mpaka lini, na kaka hana pumzi?"

Bisibisi alimtazama mumewe, akaona midomo ilivyogeuka rangi, akaweka sahihi.

Haki ya Mungu, mashine ilifanya kazi. Ilikuwa nyeupe, kubwa kama sanduku la safari, na ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Wiki ya pili Kokoto alinyoa ndevu mwenyewe. Mwezi wa pili alikuwa anakaa kibarazani, mpira wa pua umemfuata hadi mlangoni, akiwatania wapita njia. Bisibisi alianza kumsifu shemeji yake mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mwezi wa tisa, asubuhi moja, ngurumo ilishuka. Kwenye kioo cha mashine palikuwa na maandishi: *Uko kwenye Kifurushi cha Msingi. Kiwango cha juu ni lita mbili kwa dakika.* Kokoto alizoea nne. Bisibisi alibonyeza kitufe mara kumi, namba ikagoma pale pale kwenye mbili. Mchana Kokoto alishindwa kufika msalani bila kushikwa.

Shemeji alipopigiwa simu alikuja, lakini alisimama mlangoni.

"Mashine haijaharibika, shemeji. Ni mfumo umeboreshwa."

"Umeboreshewa nani?"

"Kampuni imepanga vifurushi upya. Kiwango cha nne sasa ni Kifurushi cha Dhahabu. Nanyi kodi hii ya kawaida mnailipa kwa shida."

"Kwa hiyo kuna mtu amekaa kwenye kompyuta, mbali huko, amempunguzia kaka yako pumzi."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nifundishe."

Kutoka kitandani Kokoto alisema, kwa vipande, "Mwache. Anakula... hapo." Ndilo lililomuuma Bisibisi zaidi, kwamba mgonjwa ndiye anayemtafutia mzima udhuru.

Kesho yake alikwenda ofisi za kampuni. Alipewa namba, akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya kiyoyozi saa tatu nzima, mkabala na picha kubwa ya bibi kizee anayecheka na mpira puani. Dada wa mapokezi alikuwa na sauti tamu.

"Mama, sisi hatuuzi hewa. Sisi tunatoa huduma."

"Basi hiyo huduma irudisheni kama ilivyokuwa. Mashine ni ile ile. Haijaongezwa hata skrubu."

"Kuna fomu ya malalamiko. Majibu ni ndani ya siku tisini."

"Mwanangu, jaribu kubana pua dakika mbili, halafu uniambie tena hizo siku tisini."

Mlinzi alimwonyesha njia ya kutokea.

Alifika nyumbani akiwa na hasira iliyopoa, ile mbaya. Hakuvua hata viatu. Alimwita jirani yao, nesi mstaafu, aje na kifaa chake cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, na pia mtungi mdogo wa oksijeni aliokuwa nao, ili Kokoto avute humo mashine ikiwa imezimwa. Kisha akaigeuza mashine mgongo. Palikuwa na kibandiko chekundu: *Usifungue. Mali ya Kampuni.* Alikikwangua kwa ukucha.

Ndani hakukuta maajabu. Pampu ilikuwa nzima. Vichujio vilikuwa safi. Aliifuata njia ya hewa kwa kidole kama anavyoufuata uzi kwenye cherehani, mpaka akafika kwenye valvu ndogo ya umeme, isiyozidi kifundo cha kidole gumba, iliyokuwa imefungwa nusu.

"Nesi, njoo uone," alisema. "Hewa ipo. Imejaa tele mpaka hapa. Hapa ndipo wameikaba koo."

"Unaweza kuifungua?"

"Ninaweza kuiondoa. Ila sitaki kumuua mume wangu kwa ujuaji. Wewe utapima, mimi nitafungua kidogo kidogo."

Alitoa valvu ile, akaweka mahali pake bomba dogo la kufungua kwa mkono, ambalo nesi alilitoa kwenye vifaa vyake vya zamani. Wakaiwasha. Bisibisi alizungusha robo, nesi akasoma kidole. Akazungusha robo nyingine, nesi akasoma tena. Kioo kiliendelea kuandika mbili, lakini Kokoto alikuwa anavuta nne. Baada ya nusu saa aliomba chai.

Siri ya mtaa ni maji kwenye pakacha. Wiki haikuisha kabla mwalimu mmoja aliyestaafu hajaleta habari za mkewe, ambaye naye alipunguziwa. Baada yake walikuja wengine wawili. Bisibisi aliwafungulia wote, kila mmoja nesi akiwa pembeni na kifaa chake, na yeye akamwambia kila mmoja maneno yale yale: "Ukiulizwa, hunijui." Wote waliapa. Mmoja wao alimsimulia binamu yake.

Kampuni ilikuja Jumatatu saa nne asubuhi. Walikuwa vijana wawili wa kubeba, na shemeji akiwa ameshika karatasi. Aliisoma kwa sauti ya kuazima: mkataba umevunjwa, mali imechezewa, mali inarejeshwa.

Bisibisi alisimama mbele ya mashine. "Mtanibeba na mimi."

"Shemeji, usinitie matatani. Nikirudi mikono mitupu, kesho sina kazi."

"Na ukirudi nayo, kesho huna kaka."

Kokoto alikuwa amekaa kwenye kiti. Aliinua mkono, mkewe akanyamaza.

"Mdogo wangu," alisema, "nilikubeba mgongoni... kwenda shule. Unakumbuka. Sasa sikiliza. Hawa vijana wasiguse. Kuchomoa... chomoa wewe."

Vijana waliangalia ukuta. Shemeji alikunja karatasi, akaikunjua, akaikunja tena. Halafu aliinama, akashika waya, akachomoa.

Ngurumo ilipokatika, chumba kilikuwa kitupu kuliko kilivyowahi kuwa. Bisibisi alitoa mpira puani mwa mumewe taratibu, akaukunja, akamkabidhi shemeji yake. "Chukua na huu. Usije ukadaiwa."

Nesi aliitwa, akamweka Kokoto kwenye mtungi wake, nao ulitosha kumfikisha nyumbani kwa mwalimu mstaafu, mtaa wa pili, ambako mashine ilikuwa haijagunduliwa. Tangu siku ile Kokoto na mke wa mwalimu walivuta kwa zamu, saa mbili mbili, kwenye chumba kimoja, vitanda viwili vimetenganishwa na pazia. Mwenye zamu alimwachia mwenzake kabla ya muda, na mwenzake alikataa, wakabishana kama watoto.

Bisibisi alishtakiwa. Mahakamani mhandisi wa kampuni aliulizwa na hakimu kama mashine ilikuwa na hatari yoyote baada ya kufunguliwa. Alikohoa, akasema, "Ilikuwa inafanya kazi kama ilivyotoka kiwandani." Watu wakacheka. Hata hivyo sheria ilihesabu kibandiko, haikuhesabu pumzi. Bisibisi alitiwa hatiani kwa kuharibu mali ya watu, akapewa kifungo cha nje mwaka mmoja na amri ya kutogusa mashine yoyote ya kampuni. Hakimu alimuuliza kama ana la kusema.

"Ninalo. Aliyeharibu ni yule aliyefunga valvu. Mimi nilitengeneza."

Kokoto alivuta kwa zamu miezi mitano. Alikufa mchana, wakati wa zamu yake, mkewe akimkata kucha.

Msibani shemeji alikuja bila tai. Alisubiri watu wapungue, akamsogelea Bisibisi pale alipokuwa anaosha vikombe.

"Shemeji, nimeacha kazi."

"Lini?"

"Juzi. Baada ya kusikia."

"Ungeacha ile Jumatatu," alisema Bisibisi, "ningekupa kiti."

Bisibisi aliendelea kuosha, na kikombe kilipokauka alimpa aliyekuwa pembeni yake, mke wa mwalimu, aliyekuja kwa kukodi teksi na ambaye ilibidi arudi kwenye mashine kabla ya saa zake mbili kwisha.

Ile amri ya mahakama Bisibisi aliivunja mwezi uliofuata, kwa mashine ya mtu asiyemjua kabisa.