Saa za Dawa Mwezi wa Ramadhani

Mwaka dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure kwetu Morogoro, nilikuwa nimepanga chumba Mwembesongo, nauza mapazia ya mitumba sokoni. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mjane wa fundi wa kiwanda cha nguo. Mumewe alipunguzwa kazi kiwanda kilipobinafsishwa, akaugua, akafariki. Watu walisema kifua.

Jioni moja mama aliniita sebuleni kwake, akafunga mlango.

"Kliniki wanataka niende na mtu wa kunisimamia nikimeza dawa," alisema. "Nimekuchagua wewe, uliyeniuguza."

Nilishtuka. "Mama, wanao wapo. Mimi mpangaji tu."

"Ndiyo maana. Wanangu wakijua, kesho wajomba zao wote kule Turiani wanajua, keshokutwa wanagawana nyumba nikiwa hai. Wewe utamwambia nani?"

Kweli, sikuwa na wa kumwambia. Kwetu ni milimani, Mgeta, na mjini sikuwa na ndugu. Tukaenda wote, tukafundishwa wote: asubuhi na jioni, saa ileile, hata ukijisikia mzima. Basi nikawa nabisha hodi kwake saa moja asubuhi na saa moja jioni. Mwanzoni alinuna. Hakuzoea kusimamiwa na mtu anayeishi chumba chake cha uani. Lakini alimeza. Homa zikaisha, akaanza kufagia uwanja mwenyewe, na mimi nikaacha kuogopa kukuta mlango umefungwa kimya.

Halafu Ramadhani ikakaribia.

"Mwezi ukiandama naziacha," aliniambia. "Mwaka jana sikufunga, nilikuwa hoi kitandani. Mwaka huu Mungu amenipa nguvu, nizitumie kula mchana?"

"Mama, nguvu hizo si za dawa?"

"Na dawa kaleta nani?"

Mimi ni Mkatoliki. Ningemwambiaje Mwislamu asifunge? Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani mwaka uliotangulia, tena tulishaambiwa kwamba ukizikatiza dawa, zinaweza kukukataa, zisifanye kazi tena. Pale sokoni wateja walikuwa wananiuliza bei mara mbili ndipo nisikie. Mwisho nikamwambia, "Twende tukaulize kwanza. Baada ya hapo utaamua mwenyewe, sitakusumbua."

Alikubali shingo upande. Tukaenda kliniki.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa dada mmoja mpole, amejifunga mtandio. Alimpima mama uzito, akasoma faili lake, akaenda kushauriana na daktari. Aliporudi akauliza:

"Mama, daku unakula saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu."

"Basi kwa dawa zako hizi, meza ukimaliza daku, halafu ukifuturu. Tumezisogeza tu. Ila ukiugua, fungua, utakuja kulipa siku hizo ukipona. Mimi mwenyewe nafunga, sikudanganyi."

Mama alimtazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe!" alisema. "Na mimi nilivyokosa usingizi wiki nzima!"

"Hata mimi, mama."

"Wewe ulikosa kwa sababu gani? Hufungi wewe."

"Nilidhani nitakuzika."

Akanishika mkono, na hakuuachia mpaka tulipovuka barabara.

Mwezi ule alifunga, isipokuwa siku chache alizoshikwa na malaria, na siku hizo alifungua bila ubishi. Kila daku niliamka kumsimamia, naye akinilazimisha nile uji wa mchele, eti shahidi hakai na njaa.

Asubuhi ya Idi nilichelewa kuamka, jua limeshatoka. Nilikurupuka, nikamwita dirishani.

"Mama! Umeshameza?"

"Nimemeza zamani," alijibu kutoka jikoni, pilau ikinukia. "Lala, mwanangu."

Nikalala tena.