Salamu Katikati ya Neno Refu

Mwalimu Stephania alikuwa amechoka, na wala si uchovu wa siku moja. Tangu aletwe kufundisha Kiingereza katika shule moja ya Katubuka, kila mwaka alipeleka timu kwenye shindano la maneno marefu ya Kiingereza na maana zake, na kila mwaka walirudi mikono mitupu. Safari hii mkuu wa shule alimwambia wazi: wakishindwa tena, klabu ya maneno inavunjwa. Na klabu hiyo ndiyo kitu pekee kilichokuwa bado kinamtoa kitandani. Mtoto anaposhika kiuno na kukueleza kwamba antidisestablishmentarianism ni kupinga kanisa kutenganishwa na serikali, hata mwili uliochoka vipi utacheka kidogo.

Asubuhi ya shindano, ukumbini Rusimbi, timu yake na nyingine moja zilifungana pointi. Likabaki neno la mwisho, la Kurwa, binti wa kidato cha tatu. Msimamizi akasoma: floccinaucinihilipilification. Nusu dakika ya kujibu. Stephania akashusha pumzi. Hilo Kurwa alilijua kama jina lake: kukiona kitu hakina thamani yoyote.

Binti hajafungua kinywa, mlango ukafunguliwa. Mzee Gervasi, babu yake, alikuwa ameshuka na bodaboda kutoka Kalinzi kuja kumtazama mjukuu. Mambo ya nusu dakika hakuyajua. Akapiga makofi taratibu, Kiha chake kikajaa ukumbi.

"Mwakeye!"

Mtoto wa Kiha aliyelelewa hamkatizi mkubwa salamu. Kurwa akapiga goti, akapiga makofi, akaitikia. Babu akauliza usiku ulikuwaje, akauliza bweni, akahamia masomo, akaanza kutoa habari za mbuzi. Kengele ikalia.

"Muda umekwisha," msimamizi akasema. "Mwalimu wa timu, una pingamizi? Sema sasa, kabla sijatangaza."

Stephania akainuka. Pingamizi alikuwa nalo, na hasira pia. Lakini Mzee Gervasi alishafika mbele yake, viganja vimekutana, anamuuliza ameamkaje, na wazazi wake je, na nyumbani je.

Stephania akainama. Akapiga makofi. Akaitikia moja baada ya nyingine, machozi yakimlengalenga, mpaka mzee akaridhika.

Alipogeuka, wenzao walikuwa wameshakabidhiwa kombe.