Kanzu Yenye Doa la Lami

Nakumbuka kanzu kabla sijaikumbuka siku yenyewe. Mamangu aliipiga pasi ya makaa tangu alfajiri, akaitundika mlangoni, akaitazama, akaishusha akaipiga pasi tena. Kisha akaifukiza udi. Mwanangu, ungepita pale ungedhani pana arusi nyumbani kwetu, kumbe twampeleka mgonjwa kwa daktari.

Mgonjwa alikuwa kakangu Omari, kifungua mimba wa mamangu, nami dadake ndiye niliyemfuata. Tulikuwa twakaa Kisauni. Baba alikwisha kufa, na nyumbani tulikuwa mama, Omari, mimi, na nana yetu aliyemzaa baba, Bi Zuwena. Kazi ya nana ilikuwa kuosha maiti wa kike. Watu walimwogopa kidogo kwa kazi hiyo, ila akipita na sahani ya mahamri hawakumwogopa.

Omari alikuwa seremala wa vitanda kabla hajachukuliwa vitani, kule Bama, kupigana na Wajapani. Alirudi ana mikono miwili na miguu miwili, tukashukuru. Tulifanya haraka kushukuru. Lori likipita barabarani, huingia mvunguni. Usiku halali, hukaa ukumbini akizungumza na watu tusiowaona. Siku nyengine huondoka tu, akaja kuokotwa Junda au mbali huko Shanzu, nyayo zimechubuka, hajui alifikaje. Randa na msumeno wake alivitazama kama vitu vya mtu mwengine. Tulifanya tuliyoyajua. Alisomewa, akanyweshwa kombe, zile aya ziandikwazo kwa zafarani kwenye sahani zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Hutulia kidogo, kisha yakarudi yale yale. Majirani wakiuliza, twasema ana homa. Homa hiyo ilidumu mpaka majirani wenyewe wakachoka kuuliza.

Mjomba wetu Bakari, nduguye mama, akaja na shauri lake. Alimjua mganga mmoja huko bara ambaye wagonjwa wa namna hii huwatia mkatale. Mkatale ni gogo zito lenye tundu; mguu hupitishwa humo ukakazwa kwa kabari, na mtu hukaa papo hapo, ale hapo na alale hapo, mpaka atulie. Mjomba hakusema kwa ubaya. Alimwona dadake mjane anauza mikate, mimi nasuka mikeka, na mwanamume mzima wa kulishwa na kulindwa ndani ya nyumba si mchezo. Lakini mimi kila nikitazama mguu wa kakangu naliona lile gogo. Hofu yangu ya siku zile ilikuwa hiyo moja, sikuwa na nyengine.

Ndipo tukasikia kwamba askari aliyerudi na maradhi ya vita ana haki yake serikalini, malipo ya kila mwezi na dawa, bora daktari wao amwone na athibitishe. Aliyekatika mguu hupata bila ya maneno mengi, maana mguu usiokuwepo hauhitaji shahidi. Mjomba akasema vyema, nendeni. Daktari akimkubali, Omari abaki kwa mamake. Akimkataa, Ramadhani ikisha anakuja kumchukua.

Sasa, mwanangu, hebu tazama akili yetu. Njia ya kwenda kisiwani, aliko daktari, ilikuwa lile daraja la kuelea la Nyali, na daraja lile likipitiwa na motokaa mbao zilikuwa zikigonga na kutikisika chini ya miguu. Tulijua Omari hataliweza. Basi tukampitisha kwa mashua, asije akafedheheka mbele za watu. Tukamvika ile kanzu na kofia ya mkono. Mama akamfunza njia nzima: ukiulizwa hali, sema njema, ukiulizwa usingizi, sema nalala, usitazame chini, usiseme na nafsi yako. Wewe wacheka, lakini ndivyo tulivyolelewa sisi watu wa pwani. Mtu hamwambii mgeni habari ya nyumbani kwake. Ukiulizwa u hali gani, hata kama nyumba yawaka moto, kwanza ni njema alhamdulillahi, kisha ndiyo uombe maji.

Daktari alikuwa mzungu wa makamo, mtu mtaratibu, na karani mmoja wa kwetu akimfasiria. Aliuliza kila ambalo lilipasa kuulizwa. Walala? Nalala, alhamdulillahi. Wasikia sauti? Sisikii. Waweza kufanya kazi yako? Inshallah. Akanigeukia mimi, akauliza kama ni kweli, nami nikaitikia kwa kichwa, maana ningewezaje kumwaibisha kakangu mbele ya watu baki? Karani akatufasiria kwamba daktari amefurahi, amemwona mzima, aende akashike kazi.

Tulitoka nje twatabasamu. Wallahi tulitabasamu. Mama alisema, umeona alivyojibu, kama kadhi. Tulikuwa tumekwisha kufika mashuani ndipo nikamuuliza mama, kwani tulikuja kutaka nini? Mama alikaa juu ya ubao wa mashua akajifunika uso kwa buibui mpaka ng'ambo. Omari alivua kofia akaipakata.

Nana hakuwa pamoja nasi siku ile, alikuwa ameitwa Junda kuosha. Aliporudi alitukuta tumekaa kama waliofiwa. Akavua viatu, akanawa, akataka aelezwe, nikamweleza neno kwa neno. Nalidhani atamlaani daktari, nilimngoja amlaani, ningefarijika. Hakumlaani. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akasema:

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi nikiletewa maiti, nafunga mlango, natundika pazia, kisha namvua nguo. Simuoshi na kanzu yake. Daktari yule ndiye mwosha wenu, nanyi mmempelekea mtu kafungwa gubigubi. Alitaka aone nini?"

Mama akasema sitara ni jambo la dini. Nana akajibu taratibu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupaza sauti, kwamba sitara ni kumficha mtu kwa asiyemhusu. Kumficha kwa mwenye kumtibu ni kumzika. Akaongeza kwamba wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi maneno yale yaliniingia, na niliona haya. Nasema hivi kwa kuwa niliona haya kweli.

Lakini nana alifanya jambo jengine, na hili ndilo nitakalo ulishike kuliko methali zote. Alinyanyuka akaenda ukumbini alikokuwa Omari, akakaa chini karibu naye, akamuuliza yeye mwenyewe kama aridhia tuseme. Sisi tangu arudi vitani tulikuwa twamsemea, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Omari alicheza na ncha ya mkeka. Mwisho akasema tuseme, ila mlango ufungwe, na nana awepo.

Kurudi kule ofisini kwa daktari ilikuwa kazi yangu. Karani aliniambia shauri limekwisha. Nikarudi tena, akaniambia daktari hayupo. Nikarudi, akaniambia mtu aliyekwisha kuonekana mzima haonwi mara ya pili. Sikumtukana, wala sikulia. Nalikuwa nakaa kwenye ngazi na ukindu wangu, nasuka, mpaka wafunge. Bandu bandu huisha gogo, nami gogo nililokuwa nalichonga nalijua mimi. Siku moja daktari mwenyewe alinikuta pale ngazini, akauliza huyu ni nani. Karani akamweleza, naona kwa kunichoka. Tukapewa siku nyengine, nayo ilikuwa siku chache tu kabla ya Idi.

Safari hii nana alisema tupite darajani. Mama hakutaka. Nana akasema hatumpeleki huko kumchokoza, ila hawezi kwenda kwa mashua maisha yake yote, na tukimpitisha kando ya kila kitu hata sisi hatutajua anaumwa nini. Basi tukaenda. Tulipofika katikati likaja lori nyuma yetu, mbao zikaanza kugonga. Omari alilala kifudifudi, kifua na shavu juu ya mbao zilizopakwa lami, mikono kichwani, ndani ya ile kanzu nyeupe. Dereva akapiga honi. Watu wakasimama kutazama, na wako waliocheka.

Nana, kizee yule, alikaa chini pale pale ubavuni pake, akatandaza buibui lake kwa mikono miwili baina ya mjukuu wake na macho ya watu, nami nikakaa upande wa pili nikafanya vile vile. Tulikaa hivyo, lori likingoja, mpaka pumzi zake ziliporudi. Aliposimama, kifuani mwa kanzu palikuwa na doa kubwa la lami. Mama alitaka turudi nyumbani abadilishe. Nana akamwambia aliache.

Kwa daktari, nana aliomba mlango ufungwe, ukafungwa. Daktari akalitazama lile doa, akauliza swali lake la siku ile ya kwanza.

"Walala?"

Omari akaanza, "Nalala, alhamdu..." Mama alikuwa amekaza macho chini. Nilisikia karani akikuna meza kwa ukucha.

"Silali, bwana," akasema. "Kule nalikuwa nazika wenzangu. Maji hayakuwepo hata ya kunywa. Niliwafukia hivyo hivyo, hawakuoshwa. Nikifumba macho waja kunitaka maji."

Karani alichelewa kufasiri. Mwanangu, tangu arudi tulikuwa twalala nyumba moja, na ndani ya nyumba ile ile muna mwosha maiti, na neno hilo hajapata kulitamka. Labda ndiyo sababu hasa hakulitamka. Nana alimshika mkono mbele ya wote wale, akamwambia, "Mjukuu wangu, Mungu hamdai mja maji asiyokuwa nayo. Wamekwisha kuoshwa hao. Mimi nakwambia, na kazi hii naijua." Omari alilia. Nami nililia, na sikujificha.

Daktari alimkubali. Malipo yalikuwa madogo, lakini yalikuja kila mwezi, pamoja na dawa ya usingizi na siku za kwenda kuonwa. Mjomba Bakari alipokuja baada ya Idi alikula biriani akaenda zake, na habari ya mkatale haikutajwa tena nyumbani kwetu. Sitakuongopea kwamba Omari alipona. Lori likipita aliendelea kushtuka mpaka uzee wake. Lakini usingizi aliupata, na baada ya muda alishika randa, akachonga vibao vya mbuzi vya kukunia nazi. Vitanda hakuvirudia. Hicho nikikaliacho jikoni ni mkono wake.

Basi umekuja kwangu, mwanangu, na habari ya nduguyo, ukitaka nikwambie ufanyeje. Nakwambia hivi. Ukimpeleka mbele ya wenye kumsaidia, usimvike afya asiyokuwa nayo. Wala usimburure kama wa kuonyeshwa. Muulize kwanza yeye, hata kama jibu litachelewa. Aende naye yule akeshaye naye, aseme usiku wake ulivyo, na mlango ufungwe. Watakwambia shauri limekwisha. Rudi. Chukua kazi yako ya mkono ukakae kwenye ngazi zao. Na huku nje, watu wakimtazama, tandaza nguo yako uketi naye chini, kwa kuwa sitara mahali pake ni hapo.

Ile kanzu mama aliifua kwa mafuta ya taa, kwa ndimu, kwa majivu, lami haikutoka. Akataka kuichana iwe vitambaa vya jikoni. Omari alimkataza. Kanzu nyengine alikuwa nazo, lakini kila alipokwenda kwa daktari aliyoivaa ilikuwa hiyo.

Nenda, mwanangu. Mola amstiri nduguyo kwa wasiomtakia kheri, amfunue kwa wenye dawa yake, na wewe akupe magoti ya kukaa naye chini pale atakapolala. Amina.