Ngumi Chini ya Bodi

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliishika kama wengine wanavyoshika saa ya kumeza dawa: ngumi isipopita, gari haliondoki.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ndogo ya dizeli, ya zamani kiasi kwamba vipuri vyake vilitafutwa kwenye magari yaliyokufa. Bluu yake ya asili ilibaki ndani ya milango tu. Nje palikuwa na rangi ya kila fundi aliyewahi kuigusa. Asubuhi uligeuza ufunguo nusu, ukangoja kitaa chekundu kizime, ndipo ukaimalizia kuiwasha. Usipongoja, ilikohoa tu na kukunyima. Mbio haikuwa nazo. Ilikuwa na nguvu, na ilimudu saruji, kokoto, matofali, mabati, na makabati ya watu wanaohama nyumba.

Mzigo ukishapakiwa, mwenyewe alipiga goti nyuma ya gari, akakunja mkono wa kulia, akaipenyeza ngumi kati ya ekseli na mpira mweusi ulioning'inia chini ya chesisi. Springi zikielemewa, nafasi ile huziba. Ngumi ikipita, twende. Vikipita vidole tu, kitu kishuke. Hakuwa mtu wa mjadala. Aliinuka, akajipangusa goti, akasema, "Safari mbili." Maneno hayo yalirudiwa miaka mingi hata yakawa jina lake. Pale kwenye kituo cha magari ya mizigo watu walisema ukimtuma Safari Mbili kiberiti, leo ataleta njiti na kesho kasha. Hakucheka, wala hakukasirika. Wateja wenye haraka walimkimbia, na wenye vioo na vyombo vya udongo walimngoja.

Sababu ya kanuni yake ilikuwa ule mteremko. Karakana na maghala yote yalikuwa juu, soko lilikuwa chini, na barabara iliyoviunganisha ilishuka moja kwa moja kisha ikakata kona ghafla. Kwenye kona hiyo wanawake walipanga nyanya na vitunguu mpaka ukingoni mwa lami. Gari likizidiwa na mzigo, breki hubaki jina.

"Nikifa mimi ni shauri langu," alimwambia mkewe siku moja mkewe alipolalamika kwamba wenzake wanatangulia. "Wale wauza nyanya sikuwauliza."

Mwenzake wa kituoni, aliyeitwa Kamanda kwa sababu ya kofia yake, alikuwa na pikapu ya aina ileile. Kamanda alichukua mapande ya springi ya lori bovu, akayaongeza kwenye zake. Tangu hapo gari lake halikuinama hata likipakiwa ukuta mzima.

"Na wewe ongeza, mzee," Kamanda alimwambia. "Utaacha kupiga magoti kama mtu anayeomba radhi."

"Umeliziba mdomo tu," alijibu Safari Mbili. "Uzito uko palepale."

Sasa, Safari Mbili alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, na hawakuwa na mwingine. Wazazi walipotangulia mbele ya haki, huyu mdogo alikuwa bado anavaa kaptula ya shule, na ni kaka aliyemaliza kumlea. Waswahili husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na hao wawili waliishi hivyo. Mdogo mtu alifanya kazi miaka mingi katika mashine ya kusaga nafaka ya mtu mwingine. Alirudi nyumbani na unga mpaka kwenye kope. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: asage kwake.

Nafasi ikapatikana. Msagaji mmoja mkongwe alifariki huko juu kwenye maghala, na warithi wakauza mashine yake kabla hawajaanza kugombana. Mdogo mtu alilipa kwa kila alichokuwa nacho. Akapanga chumba karibu na soko, akamwaga sakafu ya zege, akapanda bolti za kushikia mashine, akapaka ukuta chokaa. Wanawake wa mtaa walikwisha kuulizia siku ya kufungua. Kisha warithi wakakorofishana kweli, na wakili wao akatoa neno: Jumamosi adhuhuri jengo linafungwa mpaka kesi iishe. Kilichotoka kimetoka, na kilichobaki kimebaki.

Kamanda alipata habari, akaenda kwa mdogo mtu kujipendekeza. "Nakubebea yote kwa mara moja. Kabla chai haijapoa uko chini."

"Nina kaka mwenye gari," mdogo mtu akasema. "Nitamtazamaje usoni nikikodi la jirani?"

Lakini alificha jambo. Alimwambia kaka yake kwamba ni mashine tu, akanyamaza kuhusu injini. Injini nayo ilikuwa ya dizeli, chuma kitupu, imefungwa na mashine juu ya kitako kimoja kizito. Aliijua ile ngumi tangu utoto. Alidhani kaka akishafika, akaona mambo yalivyobana, atalegea. Kosa la namna hiyo hufanywa na ndugu tu. Mgeni angetaja uzito tangu mwanzo.

Jumamosi asubuhi wapakiaji waliuviringisha mzigo mzima juu ya vipande vya mabomba, wakaupandisha kwa mbao na kamba mpaka ukakaa ndani ya bodi. Pikapu ilishuka nyuma kama bata. Safari Mbili alipiga goti. Ngumi haikuingia. Akanyoosha vidole, navyo vikapita kwa shida. Akainuka.

"Na hiyo injini?"

"Ndiyo inayoendesha mashine, kaka."

"Najua kazi yake. Nauliza mbona hukuniambia."

Mdogo mtu aliangalia lango. "Ningekuambia ungekuja?"

"Ningekuja jana."

Wapakiaji walikaa kivulini wakajifuta jasho. Mmoja wao alisema kwa sauti ya kusikiwa kwamba hospitali nyingine presha inapimwa mkononi, hii inapimwa matakoni. Wenzake wakacheka. Safari Mbili hakugeuka.

"Kaka, mara moja tu," mdogo mtu akasema. "Tutashuka gia ya kwanza mpaka chini. Mimi nitatangulia kwa miguu niwaondoe wale kina mama."

"Utawaondoa wote? Na watoto wao? Na mwenye baiskeli anayetokea kona?"

"Sijawahi kukuomba kitu."

"Ni kweli, hujawahi," kaka akasema. "Leta spana."

Ikabidi injini ifunguliwe kwenye kitako chake. Nati zilikuwa zimekaa hapo umri wa mtu mzima, kutu imezifunga kabisa. Walizimwagia dizeli, wakazigonga, wakangoja, wakazigonga tena. Spana iliteleza ikamchuna Safari Mbili vifundo vya mkono uleule wa kupimia. Asubuhi ilikuwa inaondoka. Mlinzi wa lango, mtu mzima mwenye redio ndogo begani, alikuja kuwakumbusha kwamba adhuhuri inakaribia na yeye ni mtu wa kutumwa tu. Hatimaye nati ya mwisho ililia, ikageuka. Injini ikashushwa kwenye baraza.

Hapo ndipo mdogo mtu aliposema neno ambalo yeyote mwenye akili timamu alipaswa kulisikiliza. "Basi tupeleke injini kwanza. Shusha hiyo mashine, tupakie injini."

Safari Mbili alitikisa kichwa. Alikuwa na mazoea ya kazi, mazuri kwa siku nyingi: kizito huenda kwanza, gari likiwa halijachoka na breki hazijapata moto. Mashine na kitako chake vilikuwa vizito kuliko injini, na tayari vilikuwa garini.

"Kizito huenda kwanza," akasema.

"Kaka, mashine bila injini ni jiwe. Mawe naweza kutafuta mengine. Injini sitapata."

"Tutarudi. Adhuhuri bado. Kupakua na kupakia upya ndiko kutakakotumaliza."

Hakuwa anasema uongo, alikadiria vibaya. Ile ngumi ilikuwa kanuni, yenye watu wa kona ndani yake. Kizito kwanza yalikuwa mazoea tu, ya kutunza breki. Mtu akikaa na msimamo muda mrefu, huanza kuvipa vyote viwili, kanuni na mazoea, heshima moja, akadhani kila alichozoea ni haki. Safari Mbili alipiga goti tena. Ngumi ikapita, na damu ya vifundo ikabaki kwenye mpira. Wakaondoka.

Walishuka taratibu. Kwenye kona mwanamke mmoja alikuwa katikati ya lami akiokota vitunguu vilivyomwagika. Pikapu ilisimama kabla ya kumfikia, naye akaendelea kuokota bila hata kuinua kichwa. Hakuna aliyelisema hilo, siku ile wala baadaye.

Chini, mlango wa chumba ulikuwa mwembamba kuliko kitako. Wakang'oa fremu. Mashine ilipokaa juu ya bolti zake, mdogo mtu hakuitazama; alikuwa amekwisha kupanda garini. Mlima waliupanda gia ya pili, moshi ukifuata nyuma, na dizeli ile ilivuta kwa mwendo wake uleule, haijui kuharakishwa. Njiani walipishana na Kamanda akishuka na mzigo wa mawe uliovuka mbao za bodi. Aliwapigia honi, akapungia kofia. Gari lake lilifika chini salama. Kona aliipita bila kumgusa mtu, akashusha mawe yake, akaenda kula.

Langoni walikuta mnyororo. Wakili alikuwa amekuja na gari lake safi, akafunga, akaondoka.

"Fungua, mzee wangu," Safari Mbili akamwambia mlinzi. "Ni kitu kimoja tu. Kile pale kinaonekana."

"Nakiona," mlinzi akasema. "Nami nilimwambia kwamba wenyewe wanarudi. Kasema adhuhuri ni adhuhuri. Funguo ameondoka nazo."

"Mpigie."

"Nimempigia mara nyingi mpaka salio limekwisha."

Kupitia nondo za lango waliiona injini pale barazani, imekaa juu ya vipande viwili vya mbao. Mdogo mtu alishika nondo kwa mikono miwili. Hakutukana wala hakulia.

"Kamanda angekuwa ameshafika," akasema.

Safari Mbili alitaka kumjibu kwamba Kamanda siku moja atafika asikotaka. Lakini Kamanda alikuwa amefika alikotaka. Ukweli huo ulikuwa mchungu, na hakuupinga.

Kesi ya warithi ilikwenda mwendo wa kesi. Bati la baraza liling'olewa na upepo, mvua mbili zikapita, maji yakaingia kwenye injini. Lango lilipofunguliwa, kwenye chuma chakavu ndiko ilikokwenda, na hata mnunuzi wa chuma chakavu alinung'unika. Mdogo mtu hakuwa na cha kununulia nyingine. Chumba akakirudisha kwa mwenyewe, mashine akaiuza, akarudi kusaga kwa yule tajiri wake wa zamani.

Kabla mashine haijauzwa, Safari Mbili alimwendea kule chumbani karibu na soko. Alikaa kwenye gunia mlangoni, akasema alichokuja kusema. "Niliamua vibaya. Tungepeleka injini kwanza. Nimepata mtu wa kununua gari. Chukua, utafute injini."

Mdogo wake aliendelea kushona mdomo wa gunia alilofungia vifaa vyake. "Na yale mengine? Kwamba tungepeleka yote pamoja?"

"Hilo siwezi kusema. Hilo ningekukatalia hata leo."

"Basi kaa na gari lako, kaka. Siku ile nilikuomba, hukunipa. Leo sikuombi."

Mke wa Safari Mbili alimwambia angesema uongo mdogo tu, yeye na mdogo wake wapatane. Angeweza kumwambia mdogo wake kwamba amekosa kote kuwili, na kwa neno hilo moja wangekula pamoja jioni ile. Hakulisema, kwa sababu hakuliamini. Mimi simlaumu, ingawa nimesikia wengi wanaomlaumu, na baadhi yao wamewahi kushuka mteremko ule na mizigo isiyofaa na hawajawahi kuumiza mtu.

Bado anabeba. Nywele zimeingia mvi, goti linauma akiinuka, na vijana wapya wa kituoni wanayarudia masihara ya wazee wao. Tajiri wa mdogo wake akihitaji nafaka kutoka juu, mdogo mtu ndiye anayeagiza gari, na huagiza la Kamanda. Ndugu hao wawili hukutana misibani, wakapeana mkono, wakaulizana hali za watoto, kila mmoja akarudi kwake.

Safari Mbili alikuwa na ndugu mmoja tu. Sasa hana.