Doa Jekundu kwenye Vidonge Vyangu

Kiwiko changu cha kushoto kilianza kuwasha Ijumaa moja asubuhi, nikiwa navaa shati la kazini.

Najua unajiuliza, kuwashwa kiwiko nako ni habari? Subiri.

Nilikunja mkono wa shati nikaangalia. Baka jekundu, ukubwa wa kifuniko cha soda, na juu yake magamba meupe yanayobanduka. Baka hilo niliachana nalo mwaka mzima nyuma, baada ya kuwekewa figo ya mtu mwingine.

Nikakaa kitandani, shati nusu limevaliwa nusu halijavaliwa. Nilikuwa nimeelewa kitu kimoja. Ndani ya nyumba yangu kulikuwa na mtu ananimaliza taratibu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Kazi yangu ni kuchanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mteja analeta kipande cha plasta kutoka ukutani kwake, mimi namtolea rangi ile ile. Watu wanadhani nyeupe ni moja. Pale dukani tuna nyeupe kumi na moja, na zote nazitofautisha bila kusoma kopo. Wenzangu wananiita Macho.

Tangu ujana nilikuwa na mabaka ya magamba kwenye viwiko, magoti na kichwani. Hayaambukizi. Lakini ukimweleza mtu hivyo anaitikia kwa kichwa huku anasogeza kiti pembeni.

Halafu presha ikaja, ikaziua figo zangu zote mbili. Nikawa mtu wa mashine, mara tatu kwa wiki, damu inatoka, inasafishwa, inarudi.

Dada yangu mdogo ni msusi. Siku moja alinikuta nimelala kama gunia tupu, akaniambia, "Kaka, si ninazo mbili? Moja chukua."

Alilisema hilo kama mtu anayegawa nguo zilizombana.

Vipimo vikakubali. Tulipasuliwa siku moja, vyumba vya jirani. Tangu hapo nyumbani tukamwita Mwenye Figo. Kila Alhamisi saluni yao inafungwa, basi anakuja kwangu, na mlangoni salamu yake ilikuwa hiyo hiyo.

"Nimekuja kuona figo yangu. Inakula vizuri?"

Siku ya kuruhusiwa, daktari alinikalisha chini.

"Mwilini mwako kuna askari," akasema. "Kazi yao ni kupiga chochote ambacho si cha hapo. Hii figo kwao ni mgeni. Vidonge hivi vinawapoza. Viwili asubuhi, viwili jioni, maisha yako yote. Ukiacha, wanaamka, na wakiamka wanaanza na mgeni."

Nikameza. Baada ya wiki sita, mabaka yangu ya miaka yote yakatoweka. Nikamwuliza daktari kama walinibadilishia na ngozi.

Akacheka. "Hao hao askari ndio waliokuwa wanaipiga ngozi yako. Walichanganyikiwa, wakawa wanapiga wenyeji. Tumewapoza kwa ajili ya figo, ngozi nayo ikapumua."

Alhamisi yake nilimsimulia Mwenye Figo. Alivishika viwiko vyangu, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza ni kidonge kipi hasa. Nikamwonyesha chupa.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini Ijumaa ile nilikaa kitandani. Baka limerudi maana yake askari wameamka. Na mimi sikuwa nimeruka hata dozi moja.

Nilikwenda hospitali siku hiyo hiyo. Wakachukua damu. Daktari akaiangalia karatasi, akaniangalia mimi, akairudia karatasi.

"Umeacha dawa?"

"Sijaacha."

"Damu yako inasema humezi zote. Na kipimo cha figo kimeanza kupanda."

"Daktari, nakuapia."

"Usiniapie mimi. Nakupa wiki mbili, meza zote kisha urudi. Tukichelewa, figo hii inakufa na utarudi kwenye mashine."

Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Vidonge vyangu hukaa kwenye kiboksi chenye vyumba vya siku saba, asubuhi na jioni. Sikuwahi kuvikagua. Nafungua chumba, natupia mdomoni, maji, basi.

Siku hiyo nilivimwaga kwenye kisahani karibu na dirisha.

Vya asubuhi vilikuwa sawa. Vya jioni, kila chumba kilichobaki kilikuwa na viwili. Kimoja cheupe cha maziwa. Cha pili kilikuwa cheupe pia, umbo lile lile, lakini kilivuta unjano kidogo. Mtu mwingine asingeona.

Machale yakanicheza. Kiboksi kile kinapangwa kila Jumapili na mtu mmoja tu. Mke wangu.

Sasa mtu ukishashuku, kila kitu kinajipanga kwenye mstari. Nikakumbuka wiki zile alikuwa akitoka uani kuongea na simu. Nikamfuata kwa kunyata. Nikasikia, "Ndiyo, leo pia nimehesabu. Hapana, hajui."

Hajui nani? Hajui nini?

Nikapekua. Chini ya godoro, upande wake, nikakuta daftari dogo. Tarehe, na kila tarehe alama mbili za vema. Hakuna neno hata moja.

Nikauchuna. Nikaanza kuchukua dozi zangu moja kwa moja kwenye chupa, kwa siri, na za kwenye kiboksi natupa chooni. Chakula chake nikaacha. Nikamwambia tumbo halijakaa sawa, nikawa nachemsha mayai yangu mwenyewe na kuyamenya mwenyewe. Yeye ananiangalia, mimi namwangalia. Kitandani kila mmoja kampa mwenzake mgongo.

Miaka tisa ya ndoa, nikawa naogopa kulala na naona aibu kutolala.

Jumapili ya wiki iliyofuata alipanga kiboksi kama kawaida. Alipokwenda kuanika nguo, nilijifungia bafuni na brashi nyembamba na rangi nyekundu niliyotoka nayo dukani. Kila kidonge nikakiwekea kidoa mwishoni, ukubwa wa kichwa cha pini. Vikikauka navirudisha kwenye vyumba vyake. Nilitaka kujua ni siku gani mkono unaingia.

Jumatatu, madoa yapo yote. Jumanne yapo. Jumatano yapo.

Alhamisi jioni, baada ya Mwenye Figo kuaga, nikafungua. Kila chumba cha jioni kilichobaki kilikuwa na kidonge kimoja kisicho na doa.

Siku nzima ile waliingia chumbani kwangu watu wawili. Mke wangu na dada yangu. Dada yangu nikamfuta pale pale. Mtu atauaje figo yake mwenyewe?

Akabaki mmoja.

Jumamosi mchana nilimkalisha sebuleni. Nikaweka kiboksi mezani, na daftari lake pembeni.

"Unaniwekea nini humu?"

Aliliangalia daftari. Nilitegemea ashtuke, lakini macho yake yalijaa hasira.

"Mimi nikuwekee? Wewe niambie unavitupa wapi."

"Nini?"

"Vidonge. Mwezi mzima nakung'uta shuka najikuta nafagia magamba ya kichwani kwako. Nikampigia nesi wa kliniki. Akaniambia nihesabu kimya kimya kama unameza, nisikugombeze, wagonjwa wengine huchoka na dawa. Nahesabu, kila siku vyumba vitupu, na ngozi yako inarudi. Wiki hii nimeona kimoja kinaelea chooni. Umechoka kuishi na sisi? Sema tu."

Mwenzangu alikuwa ananilinda, mimi namficha hata mayai.

Simu yangu ikaita. Mwenye Figo. Nikaiweka mezani na sauti nikaifungulia.

"Kaka, shikamoo. Samahani kukusumbua. Hivi hospitali wamekubadilishia dawa?"

"Marahaba. Kwa nini?"

"Hapana, nauliza tu. Naona siku hizi vina doa jekundu mwishoni. Bado ni vile vile?"

Mke wangu alikigeuza kidonge kimoja kwenye kiganja, akaliona doa kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeliweka nikiwa nimejifungia bafuni, sikumwambia kiumbe yeyote.

"Mdogo wangu," nikasema, "umeviona wapi?"

Nikasikia anavuta pumzi kama mtoto aliyevunja kitu.

"Nakuja," akasema.

Alifika na gauni la mikono mirefu, kama kila Alhamisi. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule akakunja mkono mmoja, kisha wa pili. Kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo, mabaka kama niliyokuwa nayo mimi. Mengine yamefifia, mengine bado yana magamba.

"Yalianza lini?" mke wangu akamwuliza.

"Wifi, nilikuwa nalo moja kabla ya kupasuliwa. Nyuma ya sikio, nikalifunika kwa nywele. Nilijua wakiliona watanikataa, na kaka angekufa. Baada ya operesheni yakalipuka mwili mzima, mpaka vidoleni, nikawa nasingizia dawa za nywele."

Akaangalia mikono yake.

"Wateja wakaanza kumwomba mwenzangu awasuke. Mmoja aliinuka nikiwa nimemaliza nusu ya kichwa. Nikasema nikimwambia kaka atajiona ndiye aliyeniponza, atabeba mzigo huo mpaka kaburini. Nikaona viwiko vyake vimepona. Nikanunua vitamini vinavyofanana na vyake."

"Ukawa unanipa vitamini," nikasema. Nilikuwa na hasira, siwezi kukudanganya. Nilitaka kupiga kitu.

"Nilichukua cha jioni kimoja tu. Vya asubuhi sikugusa, niliogopa. Kaka, mimi nilikuwa na mbili nikabaki na moja, na niko mzima. Nikajua na wewe kati ya viwili ukibaki na kimoja, utakuwa mzima."

Hasira yote ikaniishia miguuni. Nilikaa chini.

Siku hiyo hiyo tulikwenda hospitali watatu. Daktari alinisikiliza mimi, kisha akamgeukia yeye, akavua miwani.

"Dawa hii ina meno mawili," akasema. "Inapoza askari, lakini isipopimwa kwenye damu inaumiza figo. Ndiyo maana kaka yako tunampima kila mara. Wewe nani anakupima? Na una figo moja."

Wakachukua damu zetu wote wawili. Majibu yakatoka.

Kipimo chake kilikuwa kibaya kuliko changu.

Yaani tulikuwa tumekaribia kuwa ndugu wawili, tulioanza na figo nne, tusio na hata moja ya kutegemea.

Nililazwa siku tano na dripu za kuwapoza askari kwa nguvu. Figo ilitulia, ingawa haikurudi ilipokuwa. Yeye aliachishwa vidonge, akawa anapimwa kila wiki, na mwezi wa pili namba zikaanza kushuka. Ngozi wakamwanzishia dawa ya kupaka na tiba ya mwanga. Vidole vimesafika kiasi cha kushika kitana mbele ya mteja.

Mke wangu nilimwomba msamaha wodini. Akanijibu, "Msamaha nimekupa. Lakini yale mayai utayakumbuka." Na kweli, mpaka leo nikigoma kula chochote ananiuliza kama anichemshie.

Nimeandika haya kwa sababu moja. Ukianza kumshuku mtu wa nyumbani kwako, kaa naye chini, muulize. Mimi nilipoteza wiki mbili napekua magodoro wakati swali moja lingetosha.

Na wananiita Macho. Natofautisha nyeupe kumi na moja. Lakini mwaka mzima dada yangu alikaa mbele yangu kila Alhamisi na mikono mirefu kwenye joto la kukausha nguo dakika kumi, na sikumwuliza kwa nini.

Siku hizi akibisha hodi namwahi mlangoni kabla hajasema lolote.

"Figo yako inakula vizuri. Haya, kunja mikono nione."