Binti Tsuma

Nakumbuka asubuhi moja ya hitima, mjukuu wangu. Nimechoka kuikumbuka, lakini leo umenilazimisha. Umekuja na karatasi yako ya kazi, umekaa hapo barazani na kalamu mkononi, waniuliza kama twaweza kuliruka jina la Tsuma tukaandika jengine lenye kupendeza. Weka kalamu chini kwanza. Hata mimi nilikuwa na kalamu, tena hati yangu ilikuwa nzuri kuliko yako.

Babangu Athumani alikuwa ametimiza mwaka tangu kufariki. Desturi yetu waijua: mwenye kujua kuandika huwaandika maiti wa ukoo kwenye karatasi, kisha maalim huwasoma mmoja mmoja, wanaume sebuleni, wanawake nyuma ya pazia, wote wakiwaombea rehema. Mwandishi wa nyumba yetu nilikuwa mimi, kijana, nina kanzu mpya na kichwa kikubwa.

Baada ya jina la babangu lilifuata la babu, Khamisi Tsuma, mchoma chokaa. Hizo kuta unazoegemea huku Mji wa Kale, nyingi zina chokaa yake. Alizaliwa bara, Udurumani. Mwaka wa njaa babake alimleta Mvita angali mtoto, akamwacha kwenye nyumba moja kubwa, akapewa mtama wa kuwalisha waliobaki nyumbani. Aliahidi kurudi kumchukua. Hakurudi, Mungu ndiye ajuaye kilichomsibu. Mtoto akalelewa, akasilimu, akaitwa Khamisi, lakini Tsuma alikataa katakata kuliacha. Alikuwa akisema, "Wakija kunitafuta, wataniulizia kwa jina gani?" Basi alipojenga, watu wakaiita nyumba kwa Tsuma.

Mimi jina hilo lilinichoma. Nilikuwa nimemposa nyanya yako, na babake, Bwana Salim, muuza nguo, alikuwa mtu wa nasaba ndefu, akianza kuitaja chai hupoa. Nikaona aibu. Nikachukua nisba, lile jina la ukoo la nyumba kubwa alimolelewa babu, nikajibandika. Siitaji hapa, wenyewe wako na hawana kosa. Aliyeniita wa Tsuma sikumwitika. Aliyesema "kwa Tsuma" nilimsahihisha papo hapo njiani, hata wazee. Hebu fikiria ujinga huo! Mwaka haukwisha, watu wakachoka nami, jina likapotea mtaani.

Basi siku ya hitima, Bwana Salim kaketi pale mbele, maalim akasoma kama nilivyoandika. Khamisi, na ile nisba yangu ya kuazima. Watu wakaitika. Nikashusha pumzi.

Watu walipotawanyika aliniita shangazi yangu, Mwanaisha, dada yake babangu. Ndiye aliyenilea baada ya mamangu kufa. Kusoma hakujua, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Saidi, babangu hakusomwa."

"Amesomwa, Shangazi. Khamisi ndiye yeye."

"Huyo mimi simjui. Umemrehemu baba wa mtu mwengine." Akauliza polepole, "Na mimi sasa ni binti nani? Hebu n'ambie, nami nijue."

Nikamwambia ati watu walikuwako, ati mambo ya mji hayajui. Mambo ya mji! Mwanamke aliyezaliwa mji huo kabla yangu! Hakugombana nami. Tangu siku ile alinipikia, alinifulia, alinijibu nikimsalimu, lakini jina langu hakulitaja tena. Ningependa zaidi angenipiga.

Hakumaliza miezi mitatu. Homa ilimchukua siku nne, alfajiri ya siku ya tano akafariki. Nilikuwa nimejiambia nitamwomba radhi akipata nafuu. Nafuu haikuja.

Akaja mtu wa kutangaza misiba mitaani, akasimama mlangoni kama kawaida yake. "Mwanaisha binti nani?" Bwana Salim alikuwa kando yangu, amekuja kutupa pole. Nikatazama chini.

"Mwanaisha binti Khamisi Tsuma," nikasema.

Nikamgeukia Bwana Salim nikingojea posa yangu irudishwe. Akanishika bega. "Mji huu mdogo, mwanangu. Nani asiyemjua Tsuma? Nyumba yangu ni chokaa yake. Nilikuwa nikikungoja wewe tu uliseme." Ewe Mola wangu! Nilimnyima mama yule jina la babake ili nimfiche mtu aliyelijua siku zote.

Yule mtangazaji akaenda zake akilipigia ukelele jina lile, toka kwetu mpaka sokoni, mpaka Bondeni. Na jeneza halijatoka, akaja mzee mmoja wa Kiduruma, muuza kuni. Nilimfahamu kwa uso. Alikuwa ameanza kupita mtaani mwetu mwaka ule ule nilioliua jina. Akatua mzigo wake nje.

"Nimesikia akitajwa binti Tsuma," akasema. "Babangu alikuwa na nduguye Tsuma, aliletwa Mvita mwaka wa njaa. Babangu amekufa akimuulizia. Huyo binti, yuko wapi nimwone?"

Nikamwonyesha jeneza. Nikamwambia ndiye yule mama aliyekuwa akinunua kuni zake kwenye mlango huu. Mzee akaketi chini palepale.

"Yule? Yule aliyekuwa akinipa maji?"

Nikamjibu ndiye. Mwaka mzima, mwanangu! Mtu na binti wa ami yake, kizingiti kimoja kati yao, wakiuziana kuni, na jina ambalo lingewajulisha nimelifukuza mimi mtaani kwa mikono yangu. Babu alilishika maisha yake yote kwa ajili ya siku kama ile. Ilipofika, aliyebaki kupatikana na nduguze alikuwa ni mimi.

Basi sikiliza, maana nimechoka na sitalirudia. Jina la ukoo usilipime kwa sikio la mgeni. Waulize wazee lilitoka wapi, nani alilibeba, na kwa nini hakulitupa. Kisha liseme mlangoni, liandike kazini, wafundishe wanao wangali wadogo. Na kama kuna mtu umemkosea kwa jina lake, mwombe radhi leo, usimngoje apone.

Haya, shika kalamu sasa, uandike Tsuma. Mwenyezi Mungu akupe umri na riziki ya halali, akupe na watoto watakaokurehemu kwa jina lako mwenyewe. Na siku yangu ikifika, akija mtangazaji mlangoni kuuliza mimi ni nani, wewe ndiye utakayemjibu.