Nyumba Iliyoezekwa Mara Mbili

Juzi niliingia nyumbani kwa bibi kwa foleni, kama mtu anayesubiri sindano. Mbele yangu walikuwa wanafunzi wa chuo na simu zao, nyuma yangu watalii wenye kofia, na mlangoni amesimama baba mdogo, mtoto wa mwisho wa bibi, akimwomba kila mtu asiguse kuta. Hata mimi aliniambia nisiguse. Nilimkazia macho, akaona haya, akasogea nipite.

Nyumba yenyewe huenda umeisikia: ukishapita Buigiri, lile tembe kubwa kuliko matembe yote ya upande ule. Aliijenga babu wa babu yangu, mfanyabiashara wa zama za misafara, na mlango wake wa nakshi ulitoka pwani vichwani mwa wapagazi. Vyumba vinauzunguka ua, kimoja kinafungukia kingine, hata mgeni akitaka kwenda msalani ilibidi apite vitandani mwa watu akiomba radhi. Kuta ni nene kiasi kwamba mtoto aliweza kulala dirishani akajinyoosha. Juu kulikuwa na boriti za miti ya porini, fito, na juu ya fito udongo, bapa kama uwanja.

Kwetu sisi watoto, nyumba ilikuwa ni hilo paa. Huko ndiko tulikoanika mlenda na karanga za bibi, na karanga tulizimaliza kabla hazijakauka. Mvua ikija tuliiona kutoka mbali, inavuka mbuga taratibu, na harufu yake inatangulia. Bibi alipikia ndani, moshi ukipanda kwenye boriti mpaka zikawa nyeusi zinang'aa. Akisikia vishindo vyetu aligonga dari kwa mchi: "Shukeni, mashetani nyie! Mnanitilia udongo kwenye mboga!" Tulishuka tukala ugali wa uwele na mlenda wenye udongo kidogo, na hakuna aliyekufa.

Kila mwaka kabla ya mvua, majirani walikuja kusiriba paa. Hakuna aliyebembelezwa. Ungesikia tu "Mbukwa! Mbukwa!" kule nje, watu wanasalimiana kwa Kigogo, majembe begani. Wanawake walikanyaga udongo na samadi, wanaume wakaupandisha kwa vikapu, sisi tukachota maji mpaka shingo zikauma. Waliokuwa juu walitembea wakikanyaga kwa nguvu, na palipobonyea walijua boriti imechoka, ikabadilishwa siku hiyo hiyo. Jioni watu walikula uani, Waislamu na Wakristo, nyama na ugali, vizee vikitaniana matusi ambayo siwezi kukuandikia hapa. Wallahi, hakuna sikukuu niliyoipenda kama ile.

Basi, tukaendelea. Watoto wa bibi walipata kazi mjini, wakaona aibu mama yao kukaa chini ya udongo. Wakaleta bati. Kijiji kizima kilikuja kulishangaa, na bibi, sikufichi, alilia kwa furaha. Mafundi walisimamisha kenchi juu ya paa la zamani, bati likapigwa. Udongo wakauacha pale pale chini yake kwa kuwa unaleta ubaridi, na ni kweli uliuleta. Jiko likahamishiwa nje ili chokaa mpya isichafuke. Majirani hawakuitwa tena. Waitwe kwa kazi gani? Ule udongo haukukanyagwa tena na mtu. Mchwa ndio waliohamia.

Miaka ya karibuni vumbi lilianza kudondoka kitandani kwa bibi, tukamhamishia kwangu mjini, mtaa wa Majengo. "Kwa muda tu," tulimwambia. Kila asubuhi aliniuliza anarudi lini, maana alitaka kufia chumbani kwake, si kwingine. Ndiyo sababu juzi nilikwenda. Mtaalamu wa majengo ya kale alikuwa anakuja kuikagua nyumba, na baba mdogo, mwenye matumaini kuliko akili, akaalika na watalii ili mtaalamu aone kwamba nyumba inapendwa.

Mtaalamu alikuwa mama mpole. Alituzungusha chumba kwa chumba, akisifu kuta, akisifu mlango, na wanafunzi wakipiga picha. Tulipofika chumbani kwa bibi akapanda kwenye kiti, akachoma boriti kwa bisibisi. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, unga ukamwagika. Akachoma nyingine, ikawa vile vile. Picha zikakoma.

"Udongo wa zamani hamkuushusha?" akauliza.

"Hatukuushusha," alisema baba mdogo. "Si tuliweka bati?"

"Mzee wangu, hapo ndipo penyewe. Boriti zililindwa na moshi uliofukuza mchwa, na miguu yenu huko juu. Vyote mliviondoa, mzigo mkauacha."

"Basi tuushushe sasa."

"Mkiugusa, kuta zinakuja nao. Mkiuacha, utakuja wenyewe. Samahani sana, mzee. Fungeni leo, asilale mtu."

"Hata chumba hiki kimoja? Cha mama?"

Alitikisa kichwa, akashuka kwenye kiti.

Rafiki yangu, ningependa kukwambia kitabaki kitu. Hakitabaki. Tembe likianguka haliachi gofu la kupigia picha. Ni udongo, mvua zikilipata linarudi kuwa shamba. Kuna mwanafunzi alishauri tuwaalike majirani kama zamani. Tumwalike nani? Waliojua kusiriba tumeshawazika, na watoto wao wana bati, wanasikiliza mvua ikilipiga wakidhani ndiyo sauti ya mvua.

Nilifika Majengo jioni. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, uso umeelekea mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wamesemaje?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanipotea. Nikamwambia haikaliki tena, na haitengenezeki. Aliikunja na kuikunjua ncha ya kanga yake. Tangu aje kwangu alikuwa amekataa kabisa kutoa nguo zake kwenye begi. Akihitaji gauni analichomoa, likifuliwa analirudisha, kisha anafunga zipu kama mtu anayesafiri kesho.

"Haya," akasema. "Nitafutie nafasi kwenye kabati lako."

Nikaanza kutoa nguo zangu huku nalia, naye akinipokeza zake, moja moja.